Mkono Usiotolewa: Kisa cha Elina Svitolina Kwenye Wavu

Jumanne ya tarehe 6 Juni 2023, kwenye uwanja mkuu wa Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi jijini Paris, robo fainali ilipomalizika Aryna Sabalenka wa Belarus alikwenda moja kwa moja hadi kwenye wavu, ambako wachezaji hupeana mikono mechi ikiisha, akasimama. Alikuwa ameshinda 6-4, 6-4. Akamtazama mpinzani wake, akangoja. Elina Svitolina wa Ukraine akapita upande wake, akampa mwamuzi mkono, kisha akaenda kwenye kiti chake kukusanya vitu. Sabalenka bado yupo pale pale. Zilikuwa sekunde chache tu, lakini tenisi ni mchezo ambao kila kitu kina mahali pake na wakati wake, hata taulo ina mahali pake, na sekunde hizo zilionekana ndefu kama foleni ya hospitali. Halafu sauti za kuzomea zikaanza kushuka kutoka majukwaani, zikamwangukia Svitolina.

Wiki nzima watu hao hao walikuwa wakimshangilia kama mtoto wa nyumbani. Mumewe ni Gaël Monfils, mchezaji ambaye Wafaransa wanampenda hata anaposhindwa. Binti yao alikuwa na miezi saba na ushee. Mama aliyetoka uzazini, nchi yake inapigwa makombora, anafika robo fainali ya mashindano makubwa: ungedhani hakuna wa kumnyanyulia sauti. Lakini mkono tu, mkono mmoja aliouzuia, ukawageuza.

Sasa ruka siku 33 mbele, uje London, kwenye mashindano ya Wimbledon. Svitolina yule yule anamshinda mchezaji mwingine wa Belarus, Victoria Azarenka, na mkono anauzuia vile vile. Safari hii watazamaji wanamzomea Azarenka. Mtendaji ni yule yule, kitendo ni kile kile, sababu ni ile ile. Kilichobadilika ni mtu wa kuzomewa. Mambo mengi yameandikwa kuhusu kama Svitolina alikuwa na haki au hakuwa nayo, na nitafika huko. Ila swali linalonikereketa zaidi ni hili: inakuwaje uwanja mzima wa watu wazima, waliolipa tiketi za bei ghali, wasijue wanachokitazama?

Tuanze na mwenyewe. Svitolina alizaliwa tarehe 12 Septemba 1994 mjini Odesa, bandari ya Ukraine kwenye Bahari Nyeusi. Baba yake alikuwa mwanamieleka, mama yake mpiga makasia. Kaka yake alitangulia kushika raketi, na baba akawa anashinda naye viwanjani. Binti, akiwa na miaka mitano hivi, naye akadai raketi, kwa sababu alitaka kuangaliwa na baba yake. Sababu nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuzisikia za mtu kuingia michezoni. Alipokuwa binti mdogo wa miaka kumi na kitu alihamia Kharkiv, mashariki mwa nchi, ambako mfanyabiashara Yuriy Sapronov alikuwa amemwona akicheza akaamua kumgharamia. Tenisi haina timu ya kukulipia nauli. Kocha, ndege, hoteli, nyuzi za raketi, vyote vinatoka mfukoni mwa mtu, na kama si mfukoni mwako basi ni mwa anayekuamini. Kwa hiyo miji yake ni miwili, Odesa alikozaliwa na Kharkiv alikokomaa. Kharkiv iko karibu sana na mpaka wa Urusi, kilomita zisizofika 50. Shikilia hilo.

Mwaka 2010 alichukua ubingwa wa wasichana wa Roland Garros kwa kumfunga Ons Jabeur wa Tunisia kwenye fainali. Baada ya hapo alipanda ngazi bila makeke: 2017 peke yake alitwaa mataji matano, Roma likiwemo, akawa mwanamke wa kwanza wa Ukraine kuingia kumi bora na mwezi Septemba akafika nafasi ya tatu duniani. Mwaka 2018 alishinda mashindano ya kufunga msimu kule Singapore. Mwaka 2019 alicheza nusu fainali mbili, Wimbledon na New York. Kisha Tokyo, Julai 2021, medali ya shaba, ya kwanza ya tenisi kwa Ukraine katika Olimpiki, aliyoipata baada ya kupoteza seti ya kwanza 6-1 mbele ya Elena Rybakina. Wiki mbili kabla yake alikuwa amefunga ndoa. Huyo ndiye mtu aliyeamka tarehe 24 Februari 2022 akakuta nchi yake imevamiwa na Urusi, Kharkiv ikipigwa tangu siku ya kwanza, na jamaa zake, bibi yake akiwemo, wako Odesa.

Wengi huanza kisa cha mkono Paris. Kilianza Mexico, siku nne tu baada ya uvamizi.

Svitolina alikuwa Monterrey, namba moja kwenye orodha ya washiriki, na mechi yake ya kwanza ilipangwa dhidi ya Anastasia Potapova, Mrusi. Tarehe 28 Februari akatangaza kwamba hatacheza, si dhidi ya Potapova wala dhidi ya Mrusi au Mbelarusi yeyote, mpaka vyama vya tenisi viwaondolee bendera, nembo na nyimbo za taifa. Alieleza wazi kwamba hawalaumu wachezaji wenyewe. Kesho yake, Machi mosi, vyama vyote vikubwa vikatoa tamko la pamoja: Warusi na Wabelarusi wataendelea kucheza, lakini kama watu binafsi, bila bendera. Siku hiyo hiyo Svitolina akaingia uwanjani amevaa rangi ya bluu na njano, akashinda 6-2, 6-1, na pesa za zawadi akasema ni za jeshi la nchi yake.

Hapo ndipo msingi ulipojengwa, na ukiuelewa, ya Paris hayakushangazi. Alikuwa na njia tatu. Angeweza kugoma kabisa, na kila ratiba ikimkutanisha na Mrusi au Mbelarusi ajitoe. Njia hiyo ina heshima yake lakini ina shimo: ukijitoa, mwenzako anapita bure, anachukua pointi na fedha, na wewe unabaki hotelini. Angeweza kucheza kama kawaida, apeane mikono, atabasamu kwa kamera. Au acheze, ashinde akiweza, fedha zirudi nyumbani, na pale kwenye wavu aweke mpaka. Alichagua ya tatu. Wenzake wa Ukraine, Marta Kostyuk, Lesia Tsurenko na wengine, walifika pale pale kila mmoja kwa njia yake. Si wote walilimudu. Machi 2023, kule Indian Wells, Tsurenko alijitoa kabla ya mechi yake na Sabalenka baada ya kushikwa na hofu kali.

Svitolina mwenyewe hakuendelea muda mrefu mwaka ule wa 2022. Mgongo ulikuwa unamsumbua, akapumzika mwishoni mwa Machi, na Mei akatangaza ujauzito. Binti yake, Skaï, alizaliwa tarehe 15 Oktoba 2022.

Aliporudi Aprili 2023 hakuwa na cheo cha kujivunia. Alifungwa mechi ya kwanza kule Charleston, Marekani, akashuka kucheza vijishindano vidogo vya Ulaya ambako mashabiki wanahesabika kwa vidole. Chama cha tenisi cha wanawake kina kanuni ya kumhifadhia mama mzazi nafasi yake ya zamani kwa idadi fulani ya mashindano, kwa hiyo mlango hakufungiwa, lakini kanuni haikurudishii mapafu wala miguu. Kufika Strasbourg mwishoni mwa Mei alikuwa nje ya wachezaji 500 bora. Akatwaa taji. Fainali alimshinda Mrusi, Anna Blinkova, 6-2, 6-3, hakumpa mkono, na zawadi ikaenda kwa watoto wa Ukraine. Siku chache baadaye Roland Garros ikaanza.

Siku ya kwanza kabisa, kabla Svitolina hajapiga mpira wowote, Kostyuk alifungwa na Sabalenka, akapita bila kutoa mkono na bila hata kumtazama, akazomewa. Sabalenka mwanzoni alidhani anazomewa yeye. Nadhani hakuna tukio linaloonyesha mkanganyiko ule kuliko hilo: kelele zinatoka, na hata walioko uwanjani hawajui ni za nani.

Tarehe 4 Juni Svitolina alikutana na Daria Kasatkina, Mrusi, namba tisa. Kasatkina si mtu wa kuwekwa kapu moja na wengine. Julai 2022 alijitokeza hadharani kuikataa vita, jambo lenye gharama kwa raia wa Urusi, tena mwenye familia kule. Svitolina alimfunga. Kwenye wavu hakumpa mkono, lakini akamgeukia akamnyooshea dole gumba, na Kasatkina akamrudishia. Ishara ndogo ya kuambiana: nimesikia ulichosema. Kisha Kasatkina akaondoka uwanjani, na watu wakamzomea. Baadaye aliandika kwamba anatoka Paris na uchungu, kwa sababu amezomewa kwa kuheshimu tu uamuzi wa mwenzake wa kutopeana mikono.

Kwa hiyo kabla hata ya ile sekunde ndefu ya Sabalenka, uwanja wa Paris ulikuwa umeshamzomea Mukraine kwa kutotoa mkono na Mrusi kwa kutodai mkono. Ukiniuliza mimi, hapo kosa si la mchezaji tena.

Turudi kwenye tarehe 6. Svitolina alipoulizwa kama kitendo cha Sabalenka cha kusimama pale akingoja kiliwachochea watazamaji, alikubali kwamba anadhani ndivyo. Sabalenka alisema hakupanga, ilikuwa mazoea tu ya mwili. Mimi siwezi kuingia moyoni mwa mtu, na mazoea ya kwenda kwenye wavu ni ya maelfu ya mechi tangu utotoni. Ila ilikuwa inajulikana. Alikuwa ameshayapitia na Kostyuk siku tisa kabla. Sabalenka pia alikuwa kwenye wiki mbaya: alikwepa mikutano miwili ya kawaida na waandishi wa habari kwa sababu ya maswali ya vita, na jioni ile ndipo aliporudi akasema haiungi mkono vita, na kwa hiyo kwa sasa hamuungi mkono Lukashenko. Kwa msomaji asiyefuatilia siasa za kule: Belarus ni jirani wa Urusi na Ukraine, Lukashenko ndiye rais wake, na sehemu ya majeshi yaliyoelekea Kyiv ilipita kwenye ardhi yake. Ndiyo maana Wabelarusi wamo kwenye kisa hiki.

Na Svitolina alijielezaje? Hoja yake Paris ilikuwa ya mtu anayewaza picha. Alisema, kwa maana hii, hebu fikiria kijana au binti aliye mstari wa mbele sasa hivi ananitazama, nami nafanya kana kwamba hakuna kinachoendelea. Tusimame hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo wakosoaji wake wengi wanapoteleza. Wanasema: Sabalenka hakurusha kombora, kosa lake nini? Ni kweli hakurusha. Lakini Svitolina hakusema Sabalenka ana kosa. Kama mkono ungekuwa hukumu juu ya moyo wa mtu, Kasatkina angepewa. Alishafanya kila ambacho mtu angeweza kumwomba. Akapewa dole gumba, mkono akakosa. Maana yake mkono pale kwenye wavu haukuhesabiwa kuwa wa watu wawili. Ulihesabiwa kuwa picha, na picha inasafiri: itafika kwenye simu ya askari ndani ya handaki, na itafika vile vile kwenye televisheni ya Moscow, ambako itaelezwa watakavyo. Mtu anaweza kulipinga wazo hilo. Ila alipinge lilivyo, si kuligeuza kuwa kisirani cha mwanamke aliyefungwa.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna lugha ya kulielewa jambo hili upesi, nadhani. Kwetu kumpa mtu mkono hakuishii kwenye salamu. Kuna mkono wa Idi, kuna mkono wa tanzia, kuna mkono wa buriani. Mkono unatolewa kwa jambo, na ukiutoa umesema jambo hilo. Mtu akikataa kukupa mkono msibani huulizi kama ana adabu. Unauliza kuna nini kati yenu. Watazamaji wa Paris waliruka swali la pili wakabaki na la kwanza.

Halafu London. Wimbledon ilikuwa na historia yake kwenye jambo hili. Mwaka 2022 iliwapiga marufuku Warusi na Wabelarusi wote. Vyama vya wachezaji vikaijibu kwa kuyanyima mashindano pointi za orodha ya ubora, na chama cha wanawake kikatoza faini: dola 250,000 kwa klabu inayoandaa na 750,000 kwa chama cha tenisi cha Uingereza. Kama kwa kejeli, taji la wanawake mwaka ule lilichukuliwa na Rybakina, mzaliwa wa Moscow anayeichezea Kazakhstan. Mwaka 2023 marufuku ikaondolewa kwa sharti la kusaini tamko la kutoegemea upande wowote.

Svitolina, wakati huo namba 76, aliingia kwa mwaliko maalumu. Raundi ya kwanza alimtoa Venus Williams. Akamtoa Elise Mertens, akamtoa Sofia Kenin. Jumapili ya tarehe 9 Julai akamkuta Azarenka. Hawa wawili wote ni mama. Azarenka aliwahi kuwa namba moja duniani na ana mtoto wa kiume aliyezaliwa 2016. Zile kanuni za kuwalinda wachezaji wazazi zilizomrudisha Svitolina, Azarenka ni mmoja wa waliozipigania. Ajabu ya dunia hiyo. Azarenka akachukua seti ya kwanza 6-2, Svitolina ya pili 6-4, na ya tatu ikaenda hadi kwenye taibreki ya pointi kumi, mchezo mfupi wa kuamua mshindi wa seti. Svitolina akaimaliza 11-9 na kuanguka kwenye nyasi.

Azarenka alijua. Hakwenda kusimama kwenye wavu kungoja mkono ambao hautakuja; alimpa mpinzani heshima aliyoiomba. Akabeba mkoba wake, na uwanja ukaanza kumzomea. Alisimama, akawatazama, akaipandisha mikono yake miwili juu ya kichwa, viganja vimefumbwa, akaigongesha kwenye vifundo kama mtu aliyefungwa pingu, akatoka. Baadaye aliwaambia waandishi kwamba haikuwa haki: yeye hakumkatalia mtu mkono, aliheshimu tu uamuzi wa mwenzake. Na hapo nasimama naye. Aliyefuata utaratibu aliombwa aufuate, akaufuata, akaadhibiwa kwa huo.

Siku mbili baadaye, kwenye uwanja mkuu, Svitolina akamfunga Iga Swiatek wa Poland, namba moja duniani, 7-5, 6-7, 6-2. Swiatek alikuwa akibandika utepe wa rangi za Ukraine kwenye kofia yake tangu vita vianze. Kwenye wavu walikumbatiana. Wavu uliokuwa ukuta Jumapili, Jumanne ulikuwa kizingiti cha nyumba ya jirani. Svitolina alisimulia kwamba kulikuwa na video nyingi za watoto wa Ukraine wakiitazama mechi kwenye simu zao. (Katikati ya mambo hayo mazito aliwahi pia kuchekesha: alisema ushindi wake umemkosesha tamasha la Harry Styles kule Vienna ambalo tiketi alishanunua, na mwanamuziki mwenyewe akamwitikia.) Nusu fainali alifungwa na Marketa Vondrousova, 6-3, 6-3, na Vondrousova ndiye akawa bingwa.

Sasa waandaaji.

Baada ya mechi ya Azarenka, Svitolina aliomba jambo moja dogo. Mashindano na vyama vya tenisi vitoe tangazo kwamba hakutakuwa na kupeana mikono kati ya wachezaji wa Ukraine na wa Urusi na Belarus, ili watu wajue. Uongozi wa Wimbledon ukajibu, kupitia mkuu wake Sally Bolton, kwamba mchezaji anafanya nini mechi ikiisha ni uamuzi wake binafsi, na hauna mpango wa kutangaza. Jibu la kistaarabu, na nilipolisoma niliona linavyochezea maneno. Hakuna aliyewaomba waamue kwa niaba ya mchezaji. Mchezaji alikuwa ameshaamua, tena zamani. Waliombwa wapashe habari. Waandishi wote walijua, wachezaji wote walijua, waamuzi walijua, watangazaji walijua. Asiyejua ni yule bwana wa safu ya arobaini aliyekuja na mkewe kuadhimisha ndoa, ndiye anayeachiwa atafsiri.

Tena tenisi ilikuwa na mfano wake mwenyewe, wa juzi tu. Mwaka 2020, mashindano yaliporudi katikati ya korona, mkono uliondolewa. Wachezaji waligusanisha raketi juu ya wavu na kwenda zao. Hakuna aliyezomewa. Kupeana mikono hakumo kwenye kanuni za mchezo wenyewe. Ni desturi, nzuri tena, na desturi ile ilisitishwa msimu mzima kwa sababu watu walielezwa sababu. Afya ya mapafu ilikuwa sababu ya kutosha. Vita haikuonekana kutosha, au pengine ilionekana ni sababu inayochafua mandhari.

Siku kumi na moja baada ya Wimbledon kumalizika kukatokea huko Milan jambo lililoonyesha upande wa pili wa shilingi. Kwenye upanga wa kimichezo, tofauti na tenisi, kupeana mkono kulikuwa kanuni iliyoandikwa. Tarehe 27 Julai 2023 Olga Kharlan wa Ukraine alimshinda Anna Smirnova wa Urusi 15-7 kwenye mashindano ya dunia, akamnyooshea upanga badala ya mkono. Smirnova akakaa kwenye jukwaa la pambano akigoma kutoka. Kharlan akafukuzwa mashindanoni. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa hivi kwamba Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ikamhakikishia nafasi ya Olimpiki ya Paris, na shirikisho la mchezo wenyewe likalegeza kanuni. Kharlan akaenda Paris 2024 akarudi na shaba ya mtu mmoja mmoja na dhahabu ya timu. Kwa hiyo pale palipokuwa na kanuni kali, kanuni ilivunjika siku ya kwanza ilipojaribiwa. Pale pasipokuwa na kanuni wala tangazo, wachezaji walizomewa kwa zamu. Kati ya hayo mawili kulikuwa na nafasi pana ya akili ya kawaida.

Kuna pingamizi moja nalichukulia kwa uzito. Wapo wanaosema kwamba michezo ina thamani kwa sababu pale kwenye wavu mambo ya nje yanakoma, na ukianza kuruhusu nchi ziingie pale, hazitatoka: kesho ni nchi nyingine mbili, keshokutwa nyingine. Siwezi kulipuuza, kwa sababu ni kweli haziishi. Lakini mambo ya nje hayakuingizwa na Svitolina. Tarehe 8 Julai 2024 alicheza tena Wimbledon, raundi ya nne, dhidi ya Wang Xinyu. Asubuhi ya siku hiyo kombora lilipiga hospitali ya watoto ya Okhmatdyt jijini Kyiv. Wimbledon ni mahali ambapo nguo ni nyeupe tupu, hadi soksi, na wasimamizi hupima upana wa mstari wa rangi. Aliruhusiwa kubandika utepe mweusi kifuani. Akashinda 6-2, 6-1, na kwenye mahojiano ya uwanjani alilia. Huyu ni mtu wa kuambiwa aache vita nje ya geti?

Na ni haki niseme alichokitoa kwa uamuzi huu. Kila anapopangiwa mpinzani kutoka nchi zile mbili, na ni wengi kwenye kumi bora na ishirini bora, anaingia akijua kwamba huenda akashangiliwa saa mbili na kuzomewa dakika mbili, na kwamba swali la kwanza la waandishi halitakuwa la mipira. Mwaka 2025, baada ya taji la Rouen, robo fainali Melbourne na Paris, na kuifikisha Ukraine nusu fainali ya Kombe la Billie Jean King, mashindano ya timu za taifa za wanawake, kwa mara ya kwanza, alifunga msimu mapema, Septemba, akisema hayuko sawa kihisia. Sishangai.

Alirudi Januari 2026, akiwa na miaka 31. Akachukua taji la Auckland. Melbourne akamfunga Mirra Andreeva wa Urusi, akamfunga Coco Gauff 6-1, 6-2 chini ya saa moja, na tarehe 29 Januari, kwenye nusu fainali, upande wa pili wa wavu akakuta tena Aryna Sabalenka. Sabalenka alikuwa bora, 6-2, 6-3. Mkono haukutolewa. Lakini kabla ya hapo skrini kubwa za uwanja zilikuwa zimewaandikia watazamaji kwamba mwisho wa mechi wachezaji hawatapeana mikono, na kwamba wanashukuriwa kwa kuwaheshimu wote wawili. Sentensi mbili. Kutoka London hadi Melbourne zilichukua miaka miwili na nusu.